Kituo cha Nje

Nyumba nyingine mume na mke hugombania rimoti. Katika nyumba hii waligombania maili tatu za bahari, tena kwa vicheko, na kwa muda mrefu kila aliyewafahamu aliliona jambo hilo la kuchekesha.

Mke alikuwa mwanasheria wa mamlaka ya bandari. Ofisini walimwita Wakili, na jina likamganda hadi mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, akawa anamwita hivyo siku akimkasirikia. Mume alikuwa rubani wa meli. Kwa asiyemjua, rubani wa meli ni mtu anayepelekwa na boti ndogo hadi kwenye meli ngeni inayokuja, akapanda ubavuni mwake kwa ngazi ya kamba, akaenda kusimama kando ya nahodha na kumwonyesha njia mpaka gatini. Nahodha anaijua dunia, rubani anaijua bandari yake. Huyu wa kwetu alipanda ngazi zile haraka haraka, bila kutazama chini hata mara moja, na wenzake wakamwita Paka.

Kwa miaka mingi meli zilimpokea rubani mahali palipoitwa kituo cha ndani, nyuma ya mwamba mrefu unaovunja mawimbi. Maji ya pale hutulia kama chai kikombeni. Ubaya ni kwamba chini ya maji hayo kuna nyasi bahari, shamba zima, na kwenye shamba hilo wanaishi nguva. Nguva ni mnyama mkubwa, mpole, mwenye uso wa shangazi aliyeamshwa usingizini. Hula nyasi siku nzima, na mtoto wake hunyonya kwapani. Hana meno ya kutisha wala mbio za kujivunia. Meli zikawa zinakuja kumsubiri rubani juu ya vichwa vyao, zinatupa nanga, nanga zinalima nyasi, mapanga ya injini yanakata kila yanachokikuta. Mtafiti mmoja aliyewafuatilia wanyama hao kwa nusu ya umri wake, na ambaye watu walimbatiza Mama Nguva, alikuja ofisini na picha ya nguva jike aliyechanwa mgongo kama mkate, na mtoto bado amemng'ang'ania. Wakili aliiangalia picha ile, chakula chake cha mchana kikamshinda.

Basi akaandaa kesi. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kueleza: kituo cha kupokelea rubani kihamishwe nje ya mwamba, maili tatu mbele, kwenye kina kirefu. Meli zisubiri huko, zimchukue rubani huko, kisha ziingie moja kwa moja bila kusimama. Wakala wa meli, mwanaume mwenye tai nzuri na sauti ya upole, alipinga. Alisema mkataba wa kimataifa wa bahari unaipa kila meli haki ya kupita bila madhara, na nchi yenye pwani haina ruhusa ya kuiwekea vikwazo vya hivi hivi. Wakili alimjibu kwa sentensi ambayo baadaye ilirudiwa hata na wafagiaji wa jengo: "Haki ya kupita ni haki ya kupita. Haki ya kukaa iko ukurasa gani?"

Marubani nao walipinga, ila wao hawakuwa na habari na mkataba. Walisema huko nje bahari iko uchi. Hakuna mwamba, hakuna kinga, mawimbi yanakuja yalivyoumbwa. Wakamchagua mtu wa kuwasemea mbele ya kamati, na kwa kuwa alikuwa na ulimi mzuri kuliko wote, wakamchagua Paka.

"Nguva wana wakili," Paka alimwambia mkewe jioni moja, akiwa sebuleni anapiga pasi shati la kazi. "Sisi marubani tuna nani?"

"Mkiota mikia nitawatetea na nyinyi."

"Mama, unamsikia mkwe wako?"

"Mimi simo," alisema mama mkwe bila kuinua uso kwenye ushonaji wake. "Mambo ya kazini yaachwe kazini. Mtakuja kulala chumba kimoja mkiwa na barua za wito mkononi."

Walicheka wote watatu. Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile.

Sasa kuna hadithi moja ambayo ni lazima isimuliwe hapa, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Walipokutana, Wakili ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, na alikuwa mtu wa kuogopa kila kitu: lifti, mbwa, mabosi, simu ikilia ghafla. Paka alikaa meza yake kwenye kantini ya bandari na kumsimulia jinsi siku moja meli ya mizigo ilivyoshindwa kuingia kwa upepo, yeye akamwamuru mwendesha boti ampeleke huko huko nje, akaikamata ngazi katikati ya mawimbi ya kimo cha mlango, akapanda, akaileta meli gatini kabla ya chai ya saa nne. Wakili aliacha kutafuna. Mwanamke aliyeogopa lifti akampenda mwanaume asiyeogopa bahari, na hakuna cha ajabu hapo. Hadithi ikawa hadithi ya ndoa yao. Paka aliisimulia kwa wageni, kwa mashemeji, kwa wakwe, na kila mwaka aliitia chumvi kidogo. Mawimbi yaliyoanza na kimo cha mlango yalikuwa yameshafika ghorofa ya pili.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa bandari, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aliyependa methali, akafungua kikao kwa kusema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na leo nyasi zenyewe zimeleta mwanasheria. Watu wakacheka. Kisha Paka akasimama na kuwanyamazisha wote.

Alieleza jinsi ngazi inavyopandwa. Boti inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na wewe unaichukua ngazi boti ikiwa juu kabisa, kwenye kilele, si kabla wala baada. Ukiwahi, unaruka hewani. Ukichelewa, boti inashuka na kukuacha unaning'inia, halafu inarudi juu na kukukuta miguu iko chini. "Ndani, nikikosea nalowa," alisema. "Nje, nikikosea mnanizika. Mwenyekiti, tunawapenda nguva. Lakini na sisi tuna watoto wa kunyonyesha, hata kama hatunyonyeshi wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Wakili alitazama nyuso za wajumbe akaona kesi inamponyoka, inaondoka mbele ya macho yake, na alichokifikiria wakati ule ni ile picha ya mgongo uliochanwa. Alisimama kumhoji shahidi.

"Rubani, wewe mwenyewe umewahi kupanda meli huko nje?"

Marubani walianza kuguna kwa furaha kabla hata hajajibu, maana nani hakuijua hadithi ile?

"Nimewahi," alisema Paka.

"Bahari ikiwa imechafuka?"

"Ilikuwa imechafuka."

"Mara moja tu?"

"Waambie, Paka!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Si mara moja," alisema.

"Kwa hiyo inawezekana."

Paka alijishika tai. "Kwa mtu anayeijua kazi yake," alisema, "inawezekana."

Ukumbi ulipiga makofi. Baada ya hapo, rubani gani angesimama aseme yeye anaogopa? Walikaa kimya, kila mmoja na heshima yake mfukoni. Kamati ikapitisha kituo cha nje, na taarifa ikapelekwa kwenye meli zote za dunia.

Kwenye gari Wakili alikaa akijiandaa kununiwa. Paka aliendesha mpaka karibu na nyumbani ndipo akasema, "Umenimaliza, Mheshimiwa," akacheka, naye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Au ndivyo Wakili alivyodhani.

Mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linalouma. Nyasi zilianza kuota kwenye makovu ya nanga. Mama Nguva alileta picha nyingine, safari hii za majike na watoto wao, na Wakili akabandika moja juu ya friji. Alialikwa kwenye mkutano nje ya nchi kueleza jinsi haki ya meli na uhai wa bahari vinavyoweza kukaa chombo kimoja bila kukitoboa. Paka alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa akiangalia hali ya hewa kwenye simu hata siku za mapumziko, na wageni wakija hakusimulia tena hadithi yake. Wakili aliyaona yote hayo. Alidhani ni umri, alidhani mume wake ametulia, na moyoni alifurahi kidogo, maana hata yeye alikuwa amechoka kuisikia.

Simu ilipigwa idarani asubuhi, Wakili akiwa kazini. Mkuu wa idara aliingia mwenyewe, akafunga mlango, akavuta kiti akaketi karibu naye, na Wakili akajua kabla hajaambiwa, kwa sababu mkuu yule hakuwahi kuketi katika ofisi ya mtu. Paka alikuwa ameanguka kwenye ngazi, kituo cha nje. Alinaswa kati ya boti na meli. Walimtoa majini haraka, mwendesha boti mwenyewe alijitupa kumfuata, lakini walimtoa amekwisha kufa.

Msiba sitausimulia. Aliyefiwa anaujua, asiyefiwa hata akielezwa hataelewa. Itoshe kusema kwamba mama mkwe hakulia mbele za watu, na Wakili alilia kila mahali, hata dukani mbele ya rafu ya sabuni.

Udongo wa kaburi haujakauka, kamati ikaitishwa tena. Wakala wa meli alitaka kituo kirudi ndani, na si kituo tu, alitaka utaratibu wote ufutwe, meli zisubiri na kutia nanga zilipokuwa zikitia zamani. Mkuu wa idara alimwambia Wakili apumzike, mtu mwingine atasimama badala yake. Wakili akakataa katakata. Alikuwa amejishika kwenye wazo moja kama mtu anavyojishika kwenye reli ya ngazi gizani: mume wake amekufa kwa ajili ya kituo kile, basi kituo kikifutwa atakuwa amekufa bure. Tena alikuwa na silaha. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaharia wa meli ile walikuwa wameifunga ngazi chini kuliko inavyotakiwa. Kosa lilikuwa la meli. Mahali hapakuwa na hatia. Akiisimamia hoja ile vizuri, angeshinda, na alijua hivyo kama anavyojua kusoma.

Mchana mmoja, siku chache kabla ya kikao, mwendesha boti alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi kwa kawaida, aliyempeleka Paka kwenye meli tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Aliketi ukingoni mwa kochi, kofia mkononi, asiinywe soda aliyowekewa.

"Shemeji," alisema, "nasikia utasimama."

"Nitasimama. Kosa lilikuwa la ngazi."

"Ngazi ilikuwa chini kidogo, ndiyo. Tumeshapanda ngazi mbovu kuliko ile." Aliigeuza kofia. "Shemeji, mwenzangu hakuwahi kupanda huko nje. Kabla ya kamati yenu, hata siku moja."

Wakili alimtazama kana kwamba amesema lugha ya kigeni.

"Si ulikuwepo," alisema. "Ile siku ya mawimbi. Si wewe ndiye uliyempeleka?"

"Siku ile tulikaa nyuma ya mwamba tukicheza karata mpaka upepo ukaisha. Meli ikaingia yenyewe polepole, akaipandia ndani kama kawaida. Kila ikichafuka ndivyo tulivyofanya. Alikuwa ananiambia, 'Ndugu yangu, mimi nina mke, tusubiri.'"

Nje mtu alikuwa akiosha gari na redio ikiimba.

"Na ukumbini ulikuwepo," alisema Wakili. "Ulikaa nyuma. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nimvue nguo mwenzangu mbele ya mkewe? Mwanaume akimdanganya mkewe kwamba ni shujaa, huo si uongo wa kwenda kushtakia, shemeji, huo ni uongo wa nyumbani. Sikujua kama mnaugeuza sheria. Nilipong'amua, watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nikapiga."

"Sasa miezi yote hii alipandaje?"

"Alikuwa anafumba macho." Sauti ya mwendesha boti ilianza kukatika. "Anafumba macho, mimi naangalia wimbi, namwambia 'sasa', anaruka. Ndivyo tulivyokwenda. Na siku ile nilimwambia 'sasa'. Akasita. Kidogo tu, shemeji. Boti ikawa imeshaanza kushuka."

Mtu mzima yule alilia kwa sauti, kofia usoni, na Wakili hakwenda kumbembeleza. Hakuwa na nguvu hizo. Alikuwa akimwona mumewe anapiga pasi shati, na chini ya shati lile moyo unaoogopa, na yeye aliyelala kando ya moyo ule miaka yote ile hakuwahi kuusikia. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini huu nani aliudunga, na nani alidungwa?

Zile siku chache hakula. Angekaa kimya, nani angejua? Mwendesha boti asingesema kamwe. Jina la Paka lingebaki jina la shujaa aliyeuawa na uzembe wa wageni, nguva wangebaki na nyasi zao, na mkataba wa kimataifa ungebaki na mfano wake mzuri. Gharama yake ingelipwa na rubani mwingine, asubuhi nyingine, huko nje. Alikuwepo mmoja mwenye goti bovu, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Wakili alimfikiria huyo goti lake likisita.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Kiyoyozi kilikuwa kimetengenezwa. Wakala wa meli alizungumza kwanza, kwa adabu, akatoa pole, kisha akasema kuwa utaratibu uliojengwa juu ya ushahidi wa ushujaa wa mtu mmoja umethibitika kuwa hatari kwa wote. Mwenyekiti akamgeukia Wakili. Wakili alikuwa na ripoti ya ngazi mkononi, imewekewa alama ya njano pale panapofaa.

"Mwenyekiti," alisema, "kamati hii iliniamini mimi, na mimi nilimwamini mume wangu. Alichosema hapa kuhusu kupanda nje hakikuwa kweli. Hakuwahi. Alikuwa anaogopa huko nje, kama alivyowaambia mwanzo, kabla sijamuuliza. Alivyosema mwanzo ndivyo ilivyokuwa kweli. Swali langu ndilo lililoharibu."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Rubani mmoja alisema kwa sauti, "Aibu!" na mwingine akamshika mkono.

Wakili aliendelea kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. Aliomba marubani warudishwe kituo cha ndani. Aliomba pia kwamba meli zikatazwe kutia nanga juu ya nyasi, zisubiri mbali na ziitwe moja moja, taratibu. Wakala akainuka. Alisema kwa masikitiko ya kweli, na yalikuwa ya kweli, kwamba kuziita meli moja moja kwa mwendo wa taratibu ni kizuizi cha safari, na kwamba utaratibu ule ulipitishwa ukiwa kitu kimoja, kwa ushahidi ambao mleta hoja mwenyewe ameukana sasa hivi. Huwezi kung'oa mguu mmoja wa meza ukaiacha isimame. Mwenyekiti hakutumia methali yoyote siku ile. Alifuta utaratibu wote. Alisema ombi jipya linaweza kuletwa, na tafiti mpya, na mashauriano mapya na nchi zenye meli, na kila mtu mle ndani alijua kwamba hiyo ni kazi ya miaka.

Kwenye korido marubani walimpisha njia. Hakuna aliyemshukuru. Ungemshukuruje mtu aliyekuokoa kwa kumwita rafiki yako mwongo na mwoga mbele ya kadamnasi? Mwenye goti bovu aliangalia sakafu.

Mama Nguva alikuwa akimsubiri mlangoni, mkoba begani.

"Wana watoto wadogo sasa hivi," alisema. "Unajua?"

"Najua."

"Kesho meli zinaanza kurudi."

"Najua, dada."

Mama Nguva alitikisa kichwa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kama ndugu. Aliondoka bila kuaga, na Wakili hakumwita, angemwita amwambie nini?

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa jikoni, simu mezani mbele yake. Habari mbaya haingoji mtu avue viatu.

"Wamenipigia," alisema. "Wanasema umesimama mbele za watu ukasema mwanangu alikuwa mwongo."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwoga."

"Ndiyo, Mama."

Wakili alisubiri. Alikuwa tayari kwa lolote, kutukanwa, kufukuzwa, kuitwa muuaji, na hilo la mwisho alishajiita mwenyewe. Mama mkwe alivuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Nani alikuwa anabadilisha taa humu ndani?"

"Taa?"

"Balbu ikiungua. Nani?"

Wakili alifikiri. "Fundi."

"Fundi," alisema mama mkwe. "Mwanaume anayepanda meli anaita fundi apande stuli. Miaka yote hiyo, wewe na shule yako, hukujiuliza. Mimi nilimzaa. Alikuwa mwoga tangu anatambaa. Kazi ile aliichukua kwa sababu ndiyo iliyopatikana, na maji ya ndani yametulia, akaiweza." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Baada ya kamati yenu ya kwanza alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani kama alivyokuwa akikaa mtoto. Akaniambia, 'Mama, nimesema uongo leo, na sasa itabidi niuishi.' Nikamwambia, kesho rudi ukaseme kweli. Aibu haiui. Unajua alinijibu nini?"

Wakili alitikisa kichwa.

"Alisema, 'Siwezi, Mama. Ungeona alivyokuwa ananiangalia niliposema nimewahi.' Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. 'Ungeona tu, Mama.' Basi nikanyamaza. Nilimwona ana furaha, nikanyamaza, na mimi ndiye mama yake." Kwa mara ya kwanza tangu msiba, midomo ya mama mkwe ilitetemeka. "Niambie, mwanangu. Ulikuwa unamwangalia hivyo kweli?"

Wakili aliikumbuka dakika ile vizuri sana. Alikumbuka mume wake amesimama, mkono kwenye tai, anasema nimewahi. Na alikumbuka kwamba hakuwa akimwangalia. Macho yake yalikuwa yamempita begani, yako kwa mwenyekiti nyuma yake, kwenye kalamu iliyokuwa imeanza kuandika, na uso wake mwenyewe uling'aa kwa sababu alijua ameshinda.

Aliushika mkono wa mama mkwe kwa mikono yake miwili.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Nilikuwa namwona yeye tu."